Randa ya Mbuthia

Mbao zilifika Gikomba juu ya lori la viazi, na mimi nilizijua kabla hazijashushwa. Mtarakwa mwekundu, nguzo zimechongwa shingo nyembamba. Nimetembea nchi hii sana, na nguzo za namna hiyo nimeziona Kiharo tu, kale kamji ka mlimani ambako wageni hupanda kupumzika. Kwenye veranda ya nyumba yao ya wageni ya zamani nimelala mara nyingi nikipita njia, na hakuna aliyenifukuza. Sasa mmiliki mpya ameibomoa, anajenga ya vioo.

"Naona vitanda hapa, Mzee Wesonga," aliniambia Mbuthia, fundi seremala aliyezinunua, akizigonga nguzo. "Vitanda vya watu wanene."

Nikamwambia asikate. Asiuze pia. Nikampigia simu Teresiah, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile hadi ilipofungwa. Alikuwa akizitafuta mbao hizo kila mahali, maana kanisa lake limempa kiwanja aisimamishe tena veranda, hiyo tu, watoto wa Kiharo wajue mji wao ulikuwa na sura gani. Akasema atakuja asubuhi.

Alikuja. Mbuthia alikuwa amezipanga nguzo kwenye jua, safi, zinang'aa, na yeye katikati ya maganda ya randa akitabasamu.

"Karibu, mathe. Sikukata, sikuuza. Lakini mteja haonyeshwi mbao chafu. Hapa kwetu hiyo ni aibu."

Teresiah alizisogelea nguzo. Aliinama akapapasa kichwa cha nguzo moja, akaenda ya pili, akaenda ya tatu.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Za patasi. Kila nguzo ilikuwa na mikato yake, na boriti yake ina mikato hiyo hiyo. Wale wazee walioijenga walichonga kila ulimi wa nguzo na tundu lake kwenye boriti. Hauingii kwingine."

"Ile mikwaruzo?" Mbuthia alicheka kidogo. "Nimeitoa yote. Hata ndimi nimezipiga randa, zilikuwa mbaya sana."

Nilitaka kumtukana, lakini nimtukane kwa lipi? Nilimwambia asikate, hakukata. Tukajaribu. Nikashika nguzo, yeye akashika boriti, tukaingiza. Ikaingia. Tukatoa, tukajaribu nyingine, nayo ikaingia. Zote zilikuwa zinaingia kila mahali, na hakuna iliyoshika. Ukiziachilia tu, zinalala chini kama walevi.

"Si niwapigie vanishi basi?" Mbuthia aliuliza. "Bure. Nimejisikia vibaya."

"Mbuthia," nikasema, "tafadhali, usitusaidie tena."

"Mzee umekasirika."

"Sijakasirika."

"Umekasirika. Umesimama juu ya patasi yangu."

Nikashuka. Teresiah alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, amejifunga leso upya kichwani, anatazama maganda mekundu yakipeperushwa kuelekea kwa wauza mitumba. Harufu ya mtarakwa ilikuwa imejaa pale kibandani, ile ile ya veranda usiku wa baridi. Aliokota ganda moja refu, akalinusa, akalitupa.

"Veranda ile haikuwa na msumari," alisema. "Hata mmoja."

Kisha akainuka, akajipangusa sketi, akavuka njia hadi kibanda cha muuza vyuma.

"Mama Shiku," nikamsikia akisema, "una misumari mirefu?"