Programu Inaomba Ruhusa ya Kutoka

1.

Programu isiyojulikana inaomba ruhusa ya kutoka.

RUHUSU          ZUIA

2.

Kompyuta ipo sebuleni, juu ya meza ya marehemu, imefunikwa kitambaa alichokifuma Mwanahawa mwenyewe. Marehemu ni mumewe, Athumani Shebughe, karani mstaafu aliyewachapia watu wa Korogwe barua zao: maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya viwanja, wosia, hata posa mbili. Miaka kumi na minne alikaa kwenye kiti kile. Mwanahawa alimletea chai na kuweka kikombe upande wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na makaratasi.

Watu wamezika, wamekaa matanga, wamekwenda zao. Mwanahawa yumo edani. Miezi minne na siku kumi, haendi popote.

Kompyuta nayo haiendi popote.

Ndivyo alivyodhani.

3. KARATASI ILIYOBANDIKWA UKUTANI
(mwandiko wa Tunu, fundi wa kompyuta)

Mzee Shebughe, tafadhali zingatia:

(a) Kabla ya yote, unga mtandao, sasisha antivirasi. Kinga iliyopitwa na wakati ni sawa na hakuna.
(b) Flashi ya mteja ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Hata ya imamu.
(c) Usipakue programu ya bure usiyojua inatoka wapi.
(d) Nenosiri lisiwe jina la mkeo. Nimeliona, mzee.
(e) Kitu chochote kikiomba KUINGIA, bonyeza ZUIA.

Juu ya kinachoomba kutoka, karatasi haikusema kitu.

4.

"Wifi, mashine ya kaka inaozea hapa. Niwashie, barua yangu ya kiwanja imo humo." Huyo ni Kibibi, dada wa marehemu. Anaposema polepole, jirani wa tatu anasikia.

"Ngoja kwanza nisome karatasi."

"Karatasi gani? Kaka aliibandika ili fundi wake afurahi, basi."

"Mimi nitaisoma. Nina muda, wifi. Nina miezi mitatu ya muda."

Kibibi akacheka, kisha akakumbuka yuko nyumba gani, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Akaenda kununua bando la mtandao. Modemu ikachomekwa, taa yake ikawaka kwa mara ya kwanza tangu bando la Athumani lilipokwisha, siku chache kabla hajabebwa kupelekwa hospitali.

Mwanahawa alifuata (a) kama ilivyoandikwa. Neno kwa neno.

5.

Wewe unayesoma, kama umewahi kufiwa unajua. Mgeni anakaa, anakunywa maji, anaangalia miguu yake. Halafu anasema: "Basi, mama, tunaomba ruhusa." Nawe unajibu: "Ruhusa ipo, asanteni." Wiki nzima. Watu hamsini, watu mia. Mdomo unajibu wenyewe.

Mgeni akiomba ruhusa ya kutoka, humzuii. Utamwekea nini?

6.

RUHUSU.

7.

(Kesho yake, asubuhi.)

RUHUSU.

8.

Siku ya tatu mashine ikawa nzito, inasota. Madirisha ya matangazo yakaanza kufunguka yenyewe, moja juu ya jingine. Mwanahawa akayafunga. Yakarudi. Akainuka, akaenda jikoni, akasahau alichofuata, akarudi. Akakitazama kiti. Akapiga simu.

9.

"Hodi."

"Karibu mwanangu, pita."

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa. Tunu aliliona hilo, akakaa kwenye mkeka, hakukalia kiti mpaka alipoambiwa.

Dakika ishirini alitazama kioo, akibonyeza huku na huku. Kisha akachomoa modemu kwa nguvu, kama anayetoa mwiba.

"Mama, nani alibonyeza Ruhusu?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Iliomba kwa adabu."

Tunu hakucheka. Aliigeukia karatasi yake ukutani, akaisoma (e), akaisoma tena.

"Kosa langu," akasema. "Niliandika kuingia tu."

10. TAARIFA YA UKAGUZI

Kifaa: kompyuta ya mezani, moja.
Hali: imeambukizwa.
Aina: programu pelelezi. Inarekodi kila herufi inayochapwa, pamoja na zilizofutwa, na kuziweka kwenye faili lililofichwa. Ikipata mtandao hutuma faili la siku moja kwa mwenye nayo, kisha hulifuta hapa.
Ilivyoingia: huenda kwa flashi ya mteja.
Mafaili yaliyokuwa yakisubiri mtandao: matatu, ya siku tatu za mwisho za marehemu kuchapa.
Yaliyotumwa: mawili.
Ushauri: kupiga windo. Yaani kufuta vyote na kuanza upya. Leo hii.

11.

"Mafaili mawili yamekwenda wapi?"

"Haijulikani, mama. Nchi za watu."

"Kiswahili wanajua?"

"Wanatafuta namba za siri tu. Maneno hawana shida nayo."

Mwanahawa akahesabu kwa vidole.

"Lililobaki lina nini?"

Tunu alisita. Aligeuza shingo kana kwamba kuna mtu mlangoni.

"Lina wewe."

12. FAILI LILILOBAKI

[10:05] Kwa Afisa Ardhi. Yah: mpaka wa kiwanja cha Bi Kibibi Shebughe
[10:31] mwanahawa [futa]
[10:31] mke wangu mwanahawa [futa]
[10:33] barua za watu nimeandika nyingi yako sijui inaanzaje [futa]
[10:40] mke wangu. yale niliyoyaandika juzi na jana nikayafuta, usidhani sikuyasema. kifua hiki sikiamini tena. kwa hiyo leo nataka neno moja tu. naomba r [futa]

13.

Saa nne na dakika arobaini, asubuhi.

Mwanahawa anaikumbuka. Alikuwa ameshika kikombe. Alipoingia, Athumani alifunika kioo kwa kiganja kama mtoto wa shule, akasema, "Siri za wateja hizi." Akafuta, akacheka, akakohoa. Adhuhuri hakuweza kusimama.

14.

Naomba r

adhi.

Kwa lipi? Lilikuwa ndani ya yale mawili?

Naomba r

uhusa.

15.

"Mama, nimekunakilia hilo faili kwenye flashi, nimelikagua, ni salama. Barua za wateja pia. Humu hamna kitu tena ila huyo mdudu. Nipige windo?"

"Bado anasikia?"

"Kila herufi."

Mwanahawa akavuta kiti. Kilikuwa kirefu kwake, miguu ikaning'inia. Akachapa kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi.

"Sasa chomeka modemu."

"Mama! Hiyo ndiyo njia ya mwizi."

"Najua. Maneno ya mume wangu yamepita hapo."

"Huko hakuna mtu wa kuyasoma."

"Na huko yeye aliko, nani anayejua njia yake?"

Tunu akatazama ukuta. Akatazama modemu mkononi mwake. Akaichomeka. Hakuiachia.

16. FAILI JIPYA

[10:17] radhi ipo
[10:19] ruhusa ipo [futa]
[10:20] ruhusa i [futa]
[10:24] ruhusa

17.

Programu isiyojulikana inaomba ruhusa ya kutoka.

"Mama?"

RUHUSU          ZUIA