Spika ya Kinyozi na Panya Mwenye Kofia

Spika ya kinyozi ilikuwa na ugonjwa mdogo tu: waya wa nyuma umelegea, sauti inakuja na kutoweka. Solda aliupata kabla chai yake haijapoa, akauchomea risasi ya kuungia nyaya, akauvuta kuujaribu, ukashika.

Jina la Solda, yaani risasi hiyo, alipewa na mafundi wenzake kwa ule mkono wake mwepesi wa kuchomea. Wiki hiyo Fundi, mwenye karakana, alikuwa amempa meza yake peke yake. Kwa sharti. Kazi yake ikirudi na malalamiko, naye atarudi mlangoni kufagia na kukunja nyaya. Solda alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akimwacha kwa mama mkwe kila asubuhi, na meza ile aliishikilia kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto kwenye watu wengi.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake: spika haipimwi kwa muziki wowote tu, inapimwa kwa muziki wa mwenyewe. Mgonjwa mlishe chakula cha kwao, Fundi alipenda kusema. Kinyozi alikuwa ameacha flashi yake ya nyimbo. Solda akaichomeka.

Ikaanza milio myembamba, ti-ti-ti, kama kuku wa bati wanadonoa sahani. Solda akatabasamu peke yake. Ulikuwa muziki wa mchezo wa video aliocheza utotoni na kaka yake, wakigombania kidude kimoja cha kuchezea: panya mwenye kofia anakimbia kukusanya funguo. Ngoma zikaingia, zikapanda, zikapanda, halafu kimya. Kisha ikatoka sauti kama ng'ombe aliyemeza jenereta.

Akazima haraka. Aliyefunzwa kazi hiyo anaijua sauti hiyo hata usingizini: karatasi ya spika, ile inayotetema mbele, imechanika. Akafungua, akaiweka mbele ya taa. Nzima kama yai. Akafunga, akawasha. Ng'ombe yule yule.

Akachukua spika nyingine iliyokuwa tayari kwenda kwa mwenyewe, akaichomeka flashi ile ile. Nayo ikanguruma. Wewe na mimi tungeelewa hapo hapo, lakini sikio la fundi lina ukaidi wake. Limefunzwa kuwinda ubovu, halikufunzwa kustarehe. Alichoelewa Solda ni kwamba ya pili nayo imechanika. Akaijaribu flashi kwenye redio ya Fundi mwenyewe, ile ya rafuni isiyoguswa na mtu. Ikakoroma. Akajiona ameua redio ya mkubwa.

Akaanza kujishuku. Mama mkwe alikuwa amemwonya kwamba mzazi asiyelala husikia hata kisichokuwepo. Akasikiliza nje: pikipiki ilinguruma kama pikipiki, mlango wa jirani ulilia kama mlango. Basi masikio yapo. Sasa nini?

Akafanya alichoweza. Akashindilia pamba ndani ya boksi, akaongeza, akashindilia tena, mpaka ng'ombe akawa mbuzi, na mbuzi akawa paka.

Kinyozi alikuja, kitana kikichungulia mfukoni, akamkuta Fundi naye ndiyo kwanza anaingia. Solda akawasha. Kinyozi akaifuata ile ti-ti-ti kwa kichwa, ngoma zikapanda, na kimya kilipofika akafumba macho kama anayengoja kumwagiwa maji ya baridi. Paka akalia. Kinyozi akafumbua jicho moja.

"Dada, mnyama wangu mmempeleka wapi?"

Solda hakuelewa hata punje. Ikabidi kinyozi aeleze. Wimbo ni wake. Anachukua muziki wa michezo ya zamani, anaupasua kwenye kompyuta na kuushona upya. Ndiyo remiksi, na mtindo huo unaitwa dabstepu. Ule mngurumo ndio roho yenyewe, ameuhangaikia kuliko kitu kingine chochote.

Fundi akasema ameanza kazi hii kinyozi hajaota jino, na mngurumo ni karatasi iliyochanika, hakuna hadithi nyingine. Akataka kujua ni mtu gani anayejenga ubovu kwa mikono yake halafu akaupenda.

"Hata nywele za watu unazikata hivyo, nusu-nusu?" akauliza.

"Hao wa nusu-nusu ndio wanaonijazia duka, mzee wangu."

Lakini utani uliishia hapo. Kinyozi akasema spika bila mngurumo haitoki naye. Ataiacha na kumwambia kila mteja kwamba imeharibiwa. Fundi akasema spika inayonguruma haipiti mlango wake. Wote wawili wakamgeukia Solda, naye akaiona meza yake ikimponyoka.

Akatoa pamba. Akawasha tena, kiganja juu ya karatasi, na safari hii hakutafuta ubovu. Alimtafuta panya. Akamsikia chini kabisa ya ngurumo, amepindwa, amevutwa kama mpira, lakini anakimbia bado, pale pale sakafu inapokatika, pale yeye na kaka yake walipokuwa wakifia kila siku. Ilikuwa nzuri? Hakujua. Alitaka kucheka na kuziba masikio kwa pamoja.

"Fundi, spika ni nzima," akasema. "Huu ugonjwa ni wa wimbo, na mwenye wimbo hataki dawa."

Fundi akaigonga karatasi kwa kidole. "Na ikirudi?"

"Ikirudi, ufagio nitaufuata mwenyewe."

Fundi akapisha mlangoni. Kinyozi akaibeba spika yake begani, akaondoka kabla mzee hajabadili mawazo. Hapo Solda akaungama habari ya redio ya rafuni, kwamba aliijaribu na kwamba nayo ni nzima. Fundi akaitazama redio, akamtazama yeye, akaisogeza redio ndani zaidi ya rafu.

Haukupita muda akaingia mwalimu mmoja na kiredio chake. Fundi akakipokea, akazunguka nacho kidogo kama aliyesahau njia, kisha akakiweka mezani kwa Solda. Solda akakiwasha. Kikachachatika kama mafuta ya moto. Akachukua bisibisi, akairudisha.

"Samahani mwalimu," akasema. "Hivi kinavyochachatika, ndivyo unavyokipenda?"

Mwalimu akamgeukia Fundi, kama anayeuliza huyu binti ni mzima.

Fundi akajikuna kichwa. "Mjibu tu, mwalimu. Siku hizi hatujui."