Ijumaa ya Wiki Iliyopita

Kila asubuhi Mtaalamu hunipa shikamoo kabla hata hajaweka mkoba wake chini. Si adabu hiyo. Ananiogopa, nami sijawahi kuona sababu ya kumwondolea hofu. Nina miaka hamsini na mmoja, nilianza kuandika skripti za seva wakati yeye anafundishwa kufunga kamba za viatu, na hilo jina la Mtaalamu alipewa na mkurugenzi baada ya kufufua printa kwa kuchomeka waya wake ukutani. Tangu siku hiyo anatembea na bisibisi mfukoni.

Chuo chetu cha uuguzi kimegawa kazi. Mashine zenyewe, nyaya na umeme ni vya Mtaalamu. Skripti, yaani maagizo yanayoendesha tovuti ya maombi, ni zangu, na nywila yake ninayo mimi peke yangu. Ningempa yeye, angeibandika kwenye printa yake.

Ijumaa hiyo orodha ya waliochaguliwa ilitakiwa kutoka saa nane mchana. Nafasi zilikuwa sitini, waombaji mia tatu arobaini na sita. Mmoja wao, nilivyoamini, alikuwa binti wa dada yangu mkubwa, ambaye kwangu ni mwanangu na mimi ni mama yake mdogo. Ana miaka ishirini na nne. Chuo hakipokei aliyetimiza ishirini na tano, kwa hiyo kwake ilikuwa mwaka huu au basi tena. Nilimwambia mara ishirini apeleke fomu mapema, maana yule mtoto amerithi ugonjwa wa mama yake wa kungoja ngoja. Mlango wa maombi ulifungwa Ijumaa iliyotangulia, saa kumi jioni.

Kabla orodha haijatoka, skripti yangu huiuliza tena seva ya baraza la mitihani alama za kila mwombaji. Saa tatu asubuhi iliuliza, ikagonga mwamba. Maswali mia tatu arobaini na sita, jibu lile lile: cheti cha usalama cha upande wa pili hakikubaliki.

Seva mbili zikitaka kuzungumza kwa siri, ile ya kule huonyesha cheti chake kwanza, na yetu hukikagua. Ikiridhika ndipo huamini kwamba inazungumza na baraza, si na tapeli aliyejipachika katikati. Mtoto wa shule anaelewa jambo hili.

"Dada, si uandike tu isikague?" alisema Mtaalamu. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu tangu saa mbili, jambo ambalo si kawaida yake, maana saa mbili huwa kwenye chai. "Ni neno moja tu. Mambo yote yanapita."

"Na mlinzi wa getini naye tumwambie asikague? Apite yeyote mwenye miguu?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Usiseme."

Watu wa namna hii nimewaona miaka yote. Skripti ikilalamika, wanaiziba mdomo, halafu wanajiita mafundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wao wanachojua ni kutundika kalenda juu ya ufa.

Nilifanya kazi ya watu wazima. Niliangalia orodha ya watoa vyeti ambao seva yetu inawaamini, nikaona ni ya zamani, nikaweka mpya. Ikagoma. Nikapitia skripti mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa, kwa sababu niliiandika mimi. Nikaidai seva itoe maelezo marefu zaidi, ikanijibu kwamba cheti cha baraza bado hakijaanza kutumika.

Simu yangu ikaita. Dada yangu.

"Mdogo wangu, orodha vipi?"

"Bado. Niache nifanye kazi."

"Lakini itatoka? Na mtoto atakuwemo?"

"Kama alama anazo atakuwemo. Una nini leo?"

Akakata. Nikapiga baraza la mitihani, nikampata fundi wao, nikamweleza bila kumung'unya maneno kwamba wametundika cheti cha siku zijazo na kwamba ofisi za watu makini hazifanyi hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Cheti tumekibadilisha Jumanne, mama," alisema. "Tangu Jumanne vyuo vyote vinaingia. Kwani huko kwenu leo ni lini?"

Nilicheka. Kisha nikaiuliza seva. Ilisema ni Ijumaa, saa nne na robo, na kweli ilikuwa Ijumaa, saa nne na robo. Ila tarehe ilikuwa ya Ijumaa ya wiki iliyopita.

Saa ya seva haipotei hivyo. Hujirekebisha yenyewe kwa kuuliza saa nyingine mtandaoni, labda mtu aizuie. Niliangalia. Ilikuwa imezuiwa asubuhi ile ile, saa moja na nusu. Niligeuza kiti taratibu.

Mtaalamu alijitia hamnazo, akawa anakagua bisibisi yake.

"Umeirudisha saa siku saba."

"Dada..."

"Ili mlango wa maombi ufunguke. Nani kakutuma? Mkurugenzi?"

"Dada yako," alisema. "Alikuja jana mchana ulipotoka kula. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akalia. Mtoto hakupeleka fomu. Alikuwa anasubiri apige picha nyingine, ile ya kwanza ilimtoa vibaya."

Nilifungua maombi. Chini kabisa, baada ya yale mia tatu arobaini na sita, palikuwa na fomu moja haijakamilika. Picha ilikuwa nzuri kweli. Fomu haipokelewi mpaka alama zivutwe, na alama hazikuvutika kwa sababu ya saa ile ile iliyofungua mlango. Mtaalamu alikuwa amejifungia nje huku amekumbatia funguo. Hata wizi ulimshinda.

"Nilitaka niifanye kabla hujafika," alisema. "Ilipogoma nikafikiri ukiandika isikague, na yake itapita humo humo, usijue. Nikuepushe."

Kuepushwa mimi, na mtu wa printa! Nilitamani kumpiga na kibodi. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli, lakini sikutegemea kipitie kwa huyu.

Nilimpigia dada.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekataa."

"Umejuaje?"

"Nakujua tangu unatambaa. Haya, nakuomba sasa. Utakubali?"

Nilikata simu.

Hesabu haikuwa ngumu. Nikisahihisha saa, mia tatu arobaini na sita wanapita, na binti yetu anabaki nje ya mlango maisha yake yote. Nikiiacha saa ilivyo na kuandika lile neno, wote wanapita, yeye pamoja nao, kwa cheti ambacho hakuna aliyekikagua. Nafasi ni sitini. Akiingia yeye, kuna mtu anatoka.

Mtaalamu aliirudisha bisibisi mfukoni.

Nilikaa nikiitazama skripti yangu isiyo na kosa hadi saa sita kasoro. Kisha nikaliandika. Miaka ishirini na nane nimewacheka watu kwa neno hilo, na vidole vyangu havikusita hata kidogo. Ukaguzi ukazimika. Alama zikamiminika, mia tatu arobaini na saba. Nililifuta neno, Mtaalamu akairudisha saa mahali pake, na saa nane kamili orodha ikatoka bila doa. Binti yetu alikuwa wa arobaini na moja. Dada alipiga vigelegele kwenye simu, na mtoto akanitumia ujumbe: "Asante mama mdogo, najua umehangaika."

Sikutakiwa kuangalia wa sitini na moja. Niliangalia. Mwombaji namba mia mbili na nne, fomu yake imepokelewa siku ya kwanza kabisa, asubuhi. Umri, miaka ishirini na nne. Niliifunga mashine, nikajichukia njia nzima hadi nyumbani.

Jumatatu nilifika mapema. Mtaalamu akaingia, akaweka mkoba wake chini taratibu, akajinyoosha. Niliisubiri shikamoo yangu. Akapita nyuma ya kiti changu, akanigusa bega kwa kiganja.

"Mambo?"

"Poa," nikamjibu.