Nipe Mji

Nakiete analalia ramani mchana kweupe, shavu juu ya mlima alikozaliwa, penseli mkononi. Kesho ramani inakwenda kuchapishwa. Mahali pale pale mtaalamu wa mawe ameandika maporomoko, mtaalamu wa mimea ameandika nyasi changa, na Nakiete, mchoraji, anataka kuandika Vukeni, kitongoji cha kwao kilichofukiwa na udongo, mama yake akiwa ndani. Lakini kanuni ya timu haina msalie mtume: jina lisilotamkwa na watu watatu walio hai halichorwi. Wapo wawili tu, yeye na mjomba wake, alama mbili daftarini. Halii. Tangu msiba ule moyo wake umekufa ganzi. Mistari ya mwinuko inakuwa ngazi, naye anashuka, anashuka, hadi bonde lenye miji miwili inayotazamana, mmoja kivuli cha mwenzake, na kwenye njia panda amekaa mwanamke asiye na uso, anachambua maharage. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Nakiete, maana mdomo una mazoea yake. Tulimla siku zote, akatula siku moja. Nakiete anajua ni udongo, hata mtoto angejua, ila neno halitoki. Umeshindwa, mwanangu, basi nipe mji. Anampa Tanga. Nimeshakaa huko. Anampa Moshi. Nimeshakaa huko, usinipe miji ya watu, nipe wako. Nakiete anaondoka, njia inamrudisha, anaondoka tena, inamrudisha, mwanamke ni yule yule na maharage ni yale yale, na kusema kweli haoni uchungu wowote, uchovu tu. Haya, chukua Vukeni, anasema. Mwanamke anasimama, anakung'uta kanga, anatamka kama ilivyo desturi ya aliyepewa mji: nimekwenda Vukeni, nimefika Vukeni, nimepikiwa makande nikashiba, nimeulizwa Nakiete yuko wapi, nikasema yuko anachora.

Nakiete anainua kichwa. Daftarini, mbele ya jina la Vukeni, pana alama ya tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Profesa Mbwambo, mkuu wa timu, anainama kusoma. Huyu wa tatu ni nani? Mama, anajibu. Profesa anasema taratibu, pole mwanangu, lakini tulisema walio hai. Ndiyo, Profesa, anasema Nakiete, na anaanza kupapasa uso wake kwa vidole, polepole, aone kama upo.