Mpaka Rangi Ikauke

Jumatatu saa mbili asubuhi, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa alikuwa mhudumu tu wa duka la dawa, alichukua bisibisi ya mumewe na kung'oa milango kumi na minne ya makabati ya jikoni. Nyuma ya kila mlango alibandika kikaratasi kile kile anachobandikia chupa za dawa. Akaandika namba, na mahali pa kuandika mara ngapi kwa siku akaandika upande: kulia, kushoto, chini ya sinki. Skrubu za kila mlango alizitia kwenye bahasha yake ya vidonge. Alikuwa amechukua likizo ya wiki mbili kwa ajili ya kazi hiyo na hakutaka kubahatisha.

Makabati yenyewe hayakuwa na kosa. Yalikuwa ya mbao za kahawia, bapa, hayana hili wala lile, kama makabati ya ofisi ya kuwekea mafaili. Lakini Dokta alikuwa ameona picha kwenye simu: majiko ya vijumba vya mashambani, makabati rangi ya maziwa juu na kijani kilichopauka chini, vishikio vya kauri vya mviringo, kipazia cha mirabaraba chini ya sinki, vikombe vikining'inia kwenye kulabu. Alizitazama picha hizo miezi saba, akienda kazini na akirudi. Katika jiko la namna ile, aliona, mtu anaweza kuweka chumvi anapotaka.

Maana chumvi ndiyo ilikuwa kesi. Nyumba ilikuwa ya mamamkwe. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye hati. Dokta na mumewe walihamia hapo kwa muda, na muda huo ulikuwa umefika miaka tisa. Kwa miaka tisa Dokta aliiweka chumvi kushoto kwa jiko asubuhi, na jioni akaikuta kulia. Hakuna aliyegombana na mtu, na mamamkwe hakuwahi kumtolea neno baya hata moja. Chumvi tu ilirudi mahali pake. Mwaka wa kwanza jambo kama hilo unalicheka na wenzako kazini. Mwaka wa tisa linakukaa kooni.

Ndipo likazuka suala la harufu. Mamamkwe alikuwa na pumu ya kuja na kuondoka, na Dokta, kwa sauti anayotumia dirishani kueleza dozi, alimwambia kwamba harufu ya rangi ya mafuta haimfai. Hilo lilikuwa kweli. Mumewe akadakia hapo hapo.

"Mama, kakae kwa dada kidogo. Mpaka rangi ikauke tu."

"Mpaka rangi ikauke," mamamkwe akarudia.

Alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la vifurushi posta, na maneno aliyachukua kama yalivyoandikwa. Kifurushi kikiandikwa kisubiri mwenyewe, kilisubiri mwenyewe. Alifunga begi moja la nguo za wiki mbili, akaiacha redio yake juu ya friji, akaenda kwa bintiye, ghorofa ya tatu ng'ambo ya mji, kulala kwenye kochi la sebuleni.

Dokta alifanya kazi yake vizuri, hilo asinyimwe. Aliosha milango kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta, akaipiga msasa, akaifuta vumbi, akagundisha vibao vyembamba pembezoni ili milango bapa ipate fremu. Mlango namba tatu, wa kabati la majani ya chai, ulimsumbua. Kando ya kishikio kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa dole gumba, pale mamamkwe alipoushikia tangu nyumba ilipojengwa. Alilipiga msasa mara tatu mpaka mbao ikaingia ndani kidogo. Kisha akapaka praima ya kushikia rangi, mkono wa kwanza wa rangi, mkono wa pili, akairudisha milango yote mahali pake kwa namba. Jiko likapendeza kama kwenye picha. Dokta alikaa chini sakafuni akalia kidogo kwa furaha.

Kopo liliandikwa kwamba rangi hukauka kwa saa sita. Baada ya saa sita ilikuwa mbichi. Baada ya siku sita ilikuwa mbichi vile vile, inang'aa, haichuruziki, haishiki vumbi wala nzi. Ukiigusa ilikuachia rangi kidoleni, na alama ya kidole chako ikajifunga taratibu mpaka ikapotea. Dokta aliwasha feni mchana kutwa. Alifungua madirisha, akayafunga, akayafungua tena. Wiki ya pili alimwita fundi rangi, mzee mmoja mwenye ovaroli ambayo haikujulikana ilianza na rangi gani.

"Ulipiga msasa?" fundi akauliza.

"Nilipiga."

"Praima?"

"Nilipaka."

Fundi akanusa mlango, akatazama jikoni, akaona redio juu ya friji.

"Basi kuna mtu mmemwambia asubiri," akasema. "Ziko nyumba za hivi. Kuna moja nilipiga plasta, ikakaa miaka kumi na mmoja haijashika. Si ugonjwa wa rangi huo, mwanangu. Ama mumrudishe, ama mzoee."

Akanywa chai, akaenda zake.

Walikuwa na nia ya kumrudisha. Mumewe alisema Jumapili. Jumapili ikapita, akasema mwisho wa mwezi. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani za wafanyabiashara, na huko alikuwa mkali asiyesamehe hata gramu. Nyumbani alikuwa mtu wa kusogeza mambo mbele. Na kila siku saa kumi na moja jioni, saa ambayo posta hufunga madirisha, simu ililia.

"Imekauka?" mamamkwe aliuliza.

"Bado, Mama."

"Haya."

Akakata. Hakuwahi kuongeza neno.

"Si tunamwambia ukweli?" mumewe alisema. "Mtu akitaka aje aguse."

Wakazoea, kama fundi alivyosema. Makabati walifungulia mpini wa mwiko. Nguo zao zote zikawa na doa rangi ya maziwa kwenye kiwiko. Wageni waliambiwa wasiegemee, nao hawakuegemea. Jirani wa chini alisema kwao ni dirisha, limegoma kufungika tangu shemeji yake aondoke, na wao huweka taulo. Dokta akaning'iniza vikombe kwenye kulabu. Chumvi akaiweka kushoto kwa jiko, na jioni akaikuta kushoto. Siku ya kwanza aliitazama kwa muda mrefu, akisubiri kuona aibu, na alichoona ni raha. Raha hiyo ndiyo iliyomtisha.

Kwa sababu tangu siku hiyo hofu yake iligeuka. Kabla ya chai ya asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alikuwa akienda jikoni kugusa mlango namba tatu kwa kidole cha mwisho, na hakupumua mpaka aone rangi kwenye ncha ya kidole. Feni aliificha uvunguni. Siku za jua kali aliweka beseni la maji jikoni ili hewa iwe na unyevu, na mumewe alipouliza la nini, alisema la kulowekea vyombo. Asubuhi moja mlango namba tisa ulinata badala ya kulowa, na siku nzima kazini alisoma kila cheti cha daktari mara nne kwa kuogopa kumpa mtu dawa ya mtu. Aliporudi ulikuwa umelowa tena. Alikaa kwenye stuli akashika tama. Hakutaka mama wa watu alale kwenye kochi. Alitaka tu asirudi, na hakujua namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mwezi wa nne walihamishia maboksi kwenye chumba cha mamamkwe, kwa kuwa jikoni palibana. Mwezi wa sita kitanda kilikunjwa na kusimamishwa ukutani ili maboksi yapate njia. Mwezi wa saba mumewe aliweka humo mizani mbovu alizozikamata. Wifi, yule dada mtu wa ghorofa ya tatu, alituma ujumbe kwamba mgongo wa Mama unauma kwa kochi. Mume wa Dokta akajibu kwamba wanaiangalia rangi kwa karibu sana.

Mwezi wa nane, Jumamosi saa nne asubuhi, mamamkwe alikuja bila kupiga simu. Dokta alifungua mlango, na kabla ya kumtazama usoni alimtazama mkononi. Begi lilikuwapo, lile lile moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona."

Alivua viatu mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni. Alikuwa amepungua. Mume wa Dokta alitoka chumbani na taulo begani, akamwamkia mama yake, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa friji, mahali ambapo hakuna mtu husimama. Mamamkwe alitazama jikoni polepole, kabati moja baada ya jingine: vishikio, kipazia, vikombe. Macho yake yakapita kwenye chumvi, yakatulia hapo kidogo, yakaendelea.

"Pamependeza," akasema. "Kweli pamependeza."

Dokta angependa asiseme hivyo. Akaanza kueleza habari ya msasa, na praima, na kopo lilivyoandikwa. Mamamkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasogea kwenye mlango namba tatu, akauwekea kiganja cha kulia, bapa, dole gumba kando ya kishikio. Akakandamiza kama anayegonga muhuri kwenye kifurushi. Akahesabu kimoyomoyo, akauondoa mkono.

Kiganja kilikuwa safi. Na pale mlangoni, katikati ya rangi mbichi inayong'aa, palikuwa na mkono wa rangi iliyokauka, vidole vitano na mistari yake yote. Haukujifunga. Wote watatu waliuona. Dokta alisikia friji likiunguruma.

Mamamkwe aligeuka akamtazama mwanawe, akasubiri, na alikuwa mtu anayejua kusubiri. Ilikuwa zamu ya mwanawe kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi na wote walilijua.

"Si unaona, Mama," mwanawe akasema akiitazama sakafu. "Bado bado."

Mamamkwe alitoa leso akafuta kiganja, ingawa hakikuwa na kitu cha kufutwa.

"Naona," akasema. "Bado."

Akanyoosha mkono juu ya friji akachukua redio yake. Akaifungua nyuma, akahakikisha betri zimo, akaitia kwenye begi juu ya nguo. Dokta alisema wakae kwanza wanywe chai. Alisema hivyo kutoka moyoni, na moyo huo huo ukaomba asikubali. Mamamkwe akasema chai ataikuta kwa bintiye. Hakuomba kuona chumba chake. Mwanawe alimbebea begi mpaka kituoni, kwa kuwa ni mtoto mwenye heshima, akarudi akiwa na mkate na habari kwamba usafiri umekuwa wa shida siku hizi. Akajifungia kwenye chumba cha mizani.

Dokta alipika, akaosha vyombo, akafagia. Mchana kutwa alipita mbele ya mlango namba tatu akitazama pembeni. Saa kumi alijaribu kutundika taulo juu yake. Saa kumi na nusu alilitundua, na mkono ulikuwa pale pale, mkavu, mdogo kuliko alivyodhani. Alipoupapasa uligoma kumwachia rangi. Mistari ya kiganja ilikuwa dhahiri, hata kovu dogo la kisu chini ya kidole cha shahada, ambalo kwa miaka tisa hakuwahi kuliona.

Alitoa kopo chini ya sinki, akalikoroga kwa kijiti, akachukua brashi nyembamba. Alianza na kiganja. Alikuwa na mkono mzuri wa kazi, hakuacha mchirizi. Kisha kidole kidogo, cha pete, cha kati, cha shahada. Alikuwa akilia, akayafuta machozi kwa kiwiko chenye doa, akaendelea.

Saa kumi na moja kamili simu ililia. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Kwa mbali, nyuma ya pumzi ya mamamkwe, alisikia redio ikisoma habari.

"Imekauka?"

Dokta alitazama mlango.

"Bado, Mama."

"Haya," mamamkwe akasema, akakata.

Dokta aliweka simu karibu na chumvi, akachovya brashi, akarudi kwenye mlango namba tatu. Kilikuwa kimebaki kidole gumba.