Pole ya Bi Somoe

Kwenye simu, Rukaiya ni mimi. Rukaiya mwenyewe, mwenye duka la madera pale Chang'ombe, hajui hata nywila ya Instagram yake na wala hataki kuijua. Yeye anachagua vitambaa na kuwasukuma mafundi. Mimi kazi yangu ni kuwa yeye. Instagram naandika kwa madaha, TikTok nawachekesha, Facebook nawaamkia watu wazima kwa picha za maua, na WhatsApp, ambako ndiko watu wananunua kweli, kila mtu namwita mpendwa. Bei nimeiandika juu ya picha kwa herufi kubwa, bado mtu atauliza bei gani. Namjibu, "Karibu mpendwa." Moyoni namjibu mengine.

Sharti la Rukaiya ni moja tu, sauti yangu isisikike. Mimi ni Genoveva, Mhaya wa Muleba, na lafudhi yangu haijawahi kumdanganya mtu. Wateja wanamtaka dada wa Pwani, basi nakaa stoo nyuma ya duka nawaandikia Kipwani kutwa nzima. Jioni narudi chumbani kwangu Mbezi Luis, vidole vimechoka kwa maongezi na mdomo haujafanya kazi yoyote. Mabasi ya mikoani yanapiga honi kule stendi, mimi najipikia chakula cha mtu mmoja.

Aliyenipa ahueni alikuwa Bi Somoe wa Kimbiji. Alinunua dera moja la Idi, hakununua tena, ila kila asubuhi alileta ujumbe wa sauti: "Rukaiya mwanangu, umeamkaje? Mguu leo umenipa nafuu. Umekunywa chai?" Katika jiji lote hili hapakuwa na mwingine aliyejali kama nimekunywa chai. Ujumbe wake nilikuwa naufungua kwanza, kabla ya oda. Nilimwandikia shikamoo, nikamuuliza mguu, nikamweleza nilivyolala. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli isipokuwa jina.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Nilikwenda Muleba, nikazika, nikarudi, na ndani ya basi la kurudi nikapandisha mtandaoni ofa ya Ijumaa. Hapa Dar hakuna aliyekuja kukaa nami, hata kwa dakika mbili. Waliandika pole kwenye kundi la WhatsApp, wakaweka vile vikono vilivyobanwa pamoja, wakaendelea na mpira. Ningependa kusema sikuwalaumu. Niliwalaumu, na bado nawalaumu.

Basi mwezi uliopita, siku ya kutimia mwaka, Bi Somoe aliniuliza mbona naandika kinyonge. Nikamjibu, "Mama yangu ameniacha, nina majonzi." Sikutaja lini. Nikasahau pia kuwa nazungumza na mtu wa Pwani. Watu wale pole ya msiba hawaitumi kwa simu. Wanakuja nayo wenyewe.

Siku chache baadaye, asubuhi, Rukaiya amevaa dera jipya la kijani, nami nampiga video ya TikTok. Nikasikia hodi mlangoni, na sauti ile niliijua kabla sijageuka. Mama mfupi, ametanda kanga, mguu mmoja anauburuta, mkononi ana kikapu cha mihogo na nazi. Akauliza Rukaiya ni yupi. Rukaiya, bado na tabasamu la kamera, akasema ni yeye. Bi Somoe akatua kikapu, akamkumbatia, akaanza kulia.

"Pole mwanangu. Nani kama mama? Mie ningekuja mapema, huu mguu ndo umenichelewesha."

Mama yake Rukaiya yuko Temeke, mzima wa afya, na saa ile bila shaka alikuwa anagombana na wapangaji wake. Rukaiya akanitazama juu ya bega la yule mama, mdomo unaanza kufunguka. Akisema mama yake yu hai, Bi Somoe angejua amedanganywa, na asubuhi zangu zingekwisha. Nikisema msiba ni wangu, kazi imekwenda, na pengine Bi Somoe pia. Nilitamani kumtoa Rukaiya mikononi mwake niingie mimi. Pole ile ilikuwa yangu. Ilikuwa imenifuata kutoka Kimbiji kwa mguu mbovu, na mimi nimesimama pembeni nimeshika simu.

Nikamtazama Rukaiya, nikamtikisia kichwa, nikimsihi asiseme.

Rukaiya ana biashara kichwani lakini si mtu mbaya. Akampapasa Bi Somoe mgongo. "Nimeshapoa, mama," akasema.

Bi Somoe akaketi, akamwombea marehemu dua ndefu. Sikuzima video. Wakati wa kuondoka akanipa mkono, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole anaopewa mgeni yeyote. Hakunijua. Angenijuaje?

Bi Somoe alipokwisha kwenda, Rukaiya hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Umemzika mama yangu, Geno," akasema. "Mambo yako yasiingie tena kwenye simu yangu. Yule ni mteja. Mwite mpendwa kama wenzie."

Akaniambia niifute na ile video, maana ilikuwa ya uchuro. Nikaifuta mbele yake.

Kesho yake nilikaa stoo, simu mapajani, nikiogopa kwamba Bi Somoe hataandika. Aliandika. Yaani, aliongea, kama kawaida yake:

"Rukaiya mwanangu, umeamkaje? Nimefika salama. Nimekuona umejikaza, hukutoa hata chozi, Mungu akuzidishie subira. Ila yule binti anayekupiga picha alikuwa analia. Ana roho nzuri yule, kumlilia mama wa mwenziwe. Msimwache peke yake. Nifikishie salamu zangu kwake."

Nikausikiliza mara nyingi. Kidole kikaenda kwenye alama ya kipaza sauti, nikabonyeza. "Shikamoo mama," nikasema, na lafudhi yangu ya Muleba ikasikika yote. Nikaufuta ujumbe ule kabla haujaondoka.

Nikaandika, "Zimemfikia, mpendwa. Karibu tena."