Goti la Mzee Obure

Goti la mzee Obure lilikuwa zima kabisa, na Nyatichi alijua. Mtu wa goti hashiki kinena akidhani haonekani.

Miaka mitatu nyuma mzee alipasuliwa ngiri, daktari akamshonea wavu mdogo ndani, kushikilia misuli iliyolegea. Gichana, mumewe Nyatichi, ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyemnong'onezea mkewe onyo la daktari: wengi hukaa na wavu huo bila shida, lakini wachache hupata maumivu, au usaha hata baada ya miaka. Akiona uvimbe na homa, arudi mbio.

Sasa Gichana yuko kazini Mombasa. Nyatichi alimpigia simu, Gichana akampigia babake, babake akajibu, "Ni goti tu." Mambo yakakwama hapo, maana kwa Wakisii mke wa mwana hamuulizi baba mkwe habari za kinena. Hata uwe umesoma namna gani, ulimi unakataa. Basi Nyatichi akafanya alichoruhusiwa: akanunua dawa ya kuchua goti. Ikiisha, ananunua nyingine. Aliona ni upuzi mtupu, na bado alinunua, kwa sababu alimpenda mzee yule. Alipoolewa hapa Mogogosiek, yatima asiye na baba wa kumsindikiza, ni Obure aliyemkatia mistari ya chai iwe yake na kumwambia, "Hapa ni kwenu."

Asubuhi moja ya baridi alikuwa akikamua, mzee akaja akashika nguzo ya zizi. Alikuwa anatetemeka, na jasho linamtiririka. Nyatichi akaona kweli aibu itamzika huyu. Hakumgeukia. Alimsemesha ng'ombe.

"Riziki, nisikilize. Kuna mtu hapa ana homa, na goti lake halina kosa. Mwambie ule wavu unaweza kuingia usaha. Mwambie nilishazika baba mmoja. Nikimzika wa pili kwa ajili ya heshima, hiyo heshima ndiyo nitaipikia chai?"

 Mzee naye akageukia mashamba ya chai.

"Riziki," akasema polepole, "mwambie pamevimba tangu Jumapili. Pana moto. Mwambie naogopa."

"Mwambie achukue koti. Namwita Kipruto jirani alete gari."

Hospitalini daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Mzee akatazama ukuta, Nyatichi akatazama dirisha.

"Mbona hamjibu?"

"Daktari, hapa hakuna ng'ombe," Nyatichi akasema, na mzee, pamoja na homa yake, akacheka mpaka machozi.

Usaha ulikuwa umeuzunguka wavu. Daktari aliutoa wavu, akasafisha kidonda, na mzee akalala kwa dripu mpaka homa ikaisha. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, lakini alitembea wima. Jioni hiyohiyo alikuja zizini, akasimama akiwapa mgongo Nyatichi na ng'ombe wake.

"Riziki, ile dawa ya goti," akasema. "Mwambie nilijipaka kila jioni, mpaka chupa ya mwisho. Goti halikuuma hata siku moja. Lakini binti yangu alikuwa ameninunulia."

Nyatichi aliegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akalia bila kujificha.

"Mwambie baba," akasema, "kesho nitamletea nyingine."